Uyoga wa Siku ya Ubatizo

Euless, 8 Juni 2025

Mdogo wangu Prudensia,

Kamwene. Natumaini barua hii inakukuta ukisimama kwa miguu yako mwenyewe, maana mimi siku hizi nasimamishwa. Mwanangu Sadock na mkewe hawajambo. Yeye bado anapakia mizigo ya ndege uwanjani, anatoka jua halijachomoza na anarudi hana maneno. Mjukuu wangu Queen amekuwa mrefu kupita jokofu. Nikimsalimia kwa Kihehe anacheka, nikimsalimia kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza. Mchana kutwa huku ughaibuni nipo na ndege zinazoshuka juu ya paa letu. Nimeanza kuzitambua kwa mlio, kama zamani nilivyotambua miti kwa magome.

Moyo wangu umevimba. Daktari alinionyesha picha yake, hakutaja miezi, nami sikuuliza. Lakini wameniletea muuguzi wa nyumbani, mama mmoja wa Unguja aitwaye Badria. Yasinta wako ni muuguzi, muulize wauguzi wa namna hiyo huletwa mtu akiwa amefikia wapi.

Usishangae kuona kalamu. Simu za nyumba hii husikika chumba hadi chumba.

Jumapili iliyopita nilitimiza miaka themanini na minne, wakanipeleka Plano kwenye mkahawa wa Kiitaliano. Sadock akawatangazia wahudumu, "Mzee wangu amesoma Italia!" Wakanipigia makofi. Kisha wakaleta tambi zilizozama kwenye krimu, na kuku juu yake. Nikamkumbuka Signora Rina, mama mwenye nyumba wangu kule vilima vya Piemonte nilipokuwa nasomea misitu. Yeye alikuwa akisema hakuna chakula cha Italia. Kuna chakula cha bonde hili na cha bonde lile, na ukivuka mto hata umbo la tambi limebadilika, na watu wa ng'ambo wote hawajui kupika. Siku ya kwanza aliponimwagia polenta juu ya ubao, ya moto, ya njano, nililia. Nilidhani nimesafiri hadi mwisho wa dunia, kumbe ugali umenitangulia.

Wewe ulikuja kuijua polenta ile jikoni kwa Mapadre wa Kiitaliano, ulikokuwa ukipika, bila kupanda ndege. Na zile tambi ndogo za kufinywa, zenye nyama ndani! Padre alikuwa akisema vidole vyako vinafinya kama vya mama yake.

Basi, pale Plano Queen akanipakulia sahani ya uyoga. Nikaweka uma chini. Nikaifunika sahani kwa kitambaa, mtoto akauliza kama naumwa. Nikamwambia sipendi uyoga.

Nilikusudia kukuandikia jambo. Karatasi inaisha na sijaliandika. Niambie kwanza: bado hupiki?

Kaka yako,
Wilfred


Pearland, 3 Julai 2025

Kaka Wilfred,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ilikaa wiki mbili kwenye sanduku la nje, kwa kuwa hapa hakuna anayetarajia barua, ni matangazo ya kuezeka paa tu. Pole kwa moyo. Yasinta anasema upunguze chumvi na uinue miguu. Kisha akabadilisha mazungumzo, na mimi ni mama yake, najua kwa nini.

Sisi hatujambo. Nyumba ni kubwa, ina vyumba vinne vya watu wawili. Yasinta anafanya zamu za saa kumi na mbili hospitalini. Akirudi anatoa sanduku la chakula kwenye barafu, analitia kwenye mashine, linalia, anakula amesimama. Mimi nachemsha uji wangu. Jirani mmoja Mkenya, baba Kimutai, alinitania juzi kanisani: "Mama, nyumba yako haina harufu kabisa, kama hoteli." Nilicheka naye. Nilipofika chumbani sikucheka.

Umeuliza kama bado sipiki. Kaka, una ujasiri. Hujaniuliza swali hilo tangu mwaka wa sabini na nane.

Juzi dukani niliona polenta. Imeshaiva, imeviringishwa kwenye plastiki kama soseji kubwa. Mtu anainunua, anaikata vipande, anaikaanga. Nilishika kile kitu mkononi, nikakumbuka jioni ile. Sospeter amerudi kutoka kwenye sherehe ya ubatizo wa Yasinta, kashiba lakini anataka kitu kidogo, nami nikachukua polenta iliyolala, nikaikata, nikaikaanga kwa mafuta ya nguruwe niliyopewa jikoni kwa Mapadre. Kopo lile lilikuwa na kutu mdomoni. Nililiona. Nikasema moto utasafisha. Kesho yake asubuhi akaanza kutapika, na siku ya tano mume wangu, fundi seremala ambaye hakuwahi kuugua hata jino, akafa macho yake yakiwa ya njano kama ile polenta.

Hukumu ya wakwe zangu unaijua, ulikuwepo. Walisema nimemlisha. Sumu sikumwekea, lakini kopo nililiona.

Kwa hiyo sipiki. Mkono ulioua haupakulii watu. Yasinta amekulia kwenye chakula cha bweni na cha mama yetu, na anadhani mimi ni mvivu wa jiko. Heri adhani hivyo.

Usinirudishe tena kule. Kama una jambo, liandike au liache.

Mdogo wako,
Prudensia


Euless, 14 Julai 2025

Mdogo wangu Prudensia,

Sadock anakusalimu, Queen pia. Hilo ndilo la salamu. Leo nimemwomba Badria afunge mlango.

Sikujua habari ya kopo. Miaka yote hii sikujua. Nilidhani wakwe wamekufukuza, umeonewa na watu, na wewe mwenyewe moyoni unajua huna kosa. Kumbe ulikuwa umejihukumu pamoja nao.

Halikuwa kopo, Prudensia. Ulikuwa uyoga wangu.

Unaukumbuka. Ilikuwa Jumapili baada ya Pasaka, siku ya ubatizo, mvua bado zinanyesha. Nilipita asubuhi kwenye shamba la misonobari nililolipanda mwenyewe niliporudi kutoka Italia. Chini ya miti nikakuta uyoga mchanga, ungali umefumbwa kwenye ngozi yake kama mayai ya kuku. Kule Piemonte kuna uyoga wa namna hiyo unaothaminiwa kuliko nyama. Huliwa mbichi, umekatwa mwembamba, na limau na mafuta ya zeituni. Nikauleta kwenye kofia yangu. Wewe ukaniuliza, "Kaka, mbichi?" Na mama akasema, ninamsikia hata sasa, "Huu haukuwepo kabla ya miti ya wazungu. Haujapewa jina. Kisicho na jina hakiliwi." Nikawacheka wote wawili. Nikasema mimi ni bwana misitu, nimesomea.

Ulitosha sahani moja tu. Nikaukata mwenyewe barazani, nikauweka mbele ya Sospeter.

Wiki mbili baada ya mazishi, ukoo wake ulipokaa kikao, mzee mmoja aliuliza habari za uyoga. Wote wakanigeukia. Nikasimama nikasema, "Uyoga ulikuwa mzima. Na mimi nilikula sahani ileile, na mnaniona." Wakaridhika. Kama si uyoga, basi ni kile alichokula baadaye, nyumbani, kutoka mkononi mwa mkewe. Sikutaja jina lako. Halikuhitajika kutajwa.

Prudensia, mimi sikula. Hata kipande kimoja.

Nimeliandika. Nilidhani nikiliandika kifua kitakuwa chepesi. Hakijawa.

Wilfred


Euless, 7 Septemba 2025

Mdogo wangu,

Wiki nane sasa. Badria ndiye anayekwenda sandukuni, nami namtazama dirishani. Ameshajua, akirudi anatikisa kichwa kabla hajafika mlangoni. Jana akaniuliza, "Mzee wangu, huyo nduguyo ana hasira au ana kiburi?" Nikamwambia, "Ana haki." Akanisogezea mto.

Siombi jibu. Kuna jambo moja tu nililisahau, na huenda ukawa unajiuma kwalo. Usije ukasema, ningeuchemsha kaka asipoangalia, mume wangu angepona. Nilisoma baadaye, nilipopata ujasiri wa kusoma. Sumu ile haifi kwa moto. Ungeichemsha siku nzima ingekuwa palepale. Na tabia yake ndiyo hiyo: mtu anakula mchana, jioni ni mzima, anakula na kucheka, kisha kesho yake inaanza. Ndiyo maana lawama ilikwenda kwenye chakula chako cha jioni. Mimi nililijua hilo mwaka wa themanini na mbili.

Sasa naota kidogo hata mchana. Namwona Signora Rina akiandaa usiku wa kuamkia Siku ya Marehemu. Kule hupika supu ya dengu na ngozi ya nguruwe, wanaiita cisrà, na mezani huacha nafasi ya mtu mmoja ambaye hayupo, sahani safi na maji ya kunywa. Nilimwuliza, "Kwani wanakuja?" Akasema, "Hawaji. Lakini je, wakija wakakuta hatukuwangoja?"

Wilfred


Pearland, 5 Oktoba 2025

Kaka,

Sina salamu za kukupa.

Mwaka wa themanini na mbili. Yasinta alikuwa na miaka minne. Nilikuwa nafua nguo za bweni la wasichana kwa sababu nilikataa kurudi jikoni kwa Mapadre. Padre mwenyewe alikuja kunibembeleza, "Prudensia, tunakula vibaya," nikamwambia nina pumu ya moshi. Wewe ulipita pale na gari la serikali, ukanipa kitenge. Ulikuwa unajua.

Yasinta alipofikisha miaka kumi na tisa alikwenda kwao kumwona bibi yake mzaa baba. Bibi hakumpa hata maji. Alimwambia, "Kwenye nyumba hii hatupokei damu ya aliyemlisha mwanangu." Mtoto alirudi hakuniuliza neno. Mpaka leo hajaniuliza. Tunaishi nyumba moja, Kaka, na swali hilo limekaa katikati yetu kama mpangaji.

Nina swali moja, wala usinijibu kama bwana misitu. Unasema hukula. Kwa nini? Wewe uliyekuwa ukilamba sahani. Uliwahi kuona chakula cha Kiitaliano ukakiacha?

Ulijua?

Prudensia


Euless, 13 Oktoba 2025

Mdogo wangu Prudensia,

Nakujibu siku ileile, maana mkono hauna ahadi tena. Utanisamehe maandishi.

Signora Rina alinifundisha sheria moja. Ukiokota uyoga ambao bado ni yai, ukate katikati, kila mmoja. Ndani ukiwa wa njano, upeleke jikoni. Ukiwa mweupe, usiutie hata kapuni, na kisu ukioshe.

Barazani niliukata. Ulikuwa mweupe.

Sikujua. Lakini niliona, na kati ya kujua na kuona sasa siwezi kupitisha hata karatasi. Nilijiambia: udongo wa Mufindi si wa Piemonte, labda huku rangi ni nyingine. Ningeweza kuumwaga uani. Lakini nilikuwa nimekwisha kuwaambia wageni kwamba leo watashuhudia chakula cha mabwana, na Padre mkuu alikuwa ameketi, na mama alikuwa ananitazama. Niliona aibu ya kumwaga mbele ya mama. Basi. Ni hiyo tu. Nimeitafuta sababu iliyo kubwa kuliko hiyo, inayolingana na kifo cha mtu, sikuipata.

Sospeter alinikaribisha, "Shemeji, tule wote." Nikamsogezea sahani. Nikasema, "Wewe ndiye baba wa mtoto, heshima ni yako." Akala yote. Akafuta mafuta kwa mkate kama nilivyomfundisha, akasema, "Wenzetu wanakula majani na bado wananenepa!" Tukacheka. Ndiyo, na mimi nilicheka, nikimtazama mdomo.

Nimefanya haya wakati nikiingoja barua yako. Nimemwambia Sadock. Alikaa kitandani pangu bado amevaa koti la kazini, kisha akauliza, "Shangazi anajua?" Nikasema sasa anajua. Akatoka nje. Siku mbili hakuniletea chai yeye, aliituma. Ya tatu akaleta mwenyewe.

Kisha nikaandika barua kwa Modestus, mdogo wake Sospeter, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Nimeeleza yote, nimetia sahihi, Sadock ameipiga picha na kuituma, na yenyewe iko njiani. Modestus alipiga simu. Alinitaka niyaseme tena kwa mdomo wangu, nikayasema. Kisha akasema, "Mama yetu alikufa akimlaani mtu asiye na hatia." Akaniuliza namba ya Yasinta. Sikumpa. Hiyo ni yako kutoa.

Nilitaka nikuombe uje. Ni saa nne tu kwa barabara. Badria anasema, "Mwite, mzee wangu, wangoja nini?" Lakini mtu haiti aliyemfukuza.

Wilfred


Pearland, 1 Novemba 2025

Kaka Wilfred,

Kamwene. Leo ni Watakatifu Wote. Nimetoka misa ya asubuhi.

Nilimwambia Yasinta Jumatano. Nilimsomea barua zako zote nne, sikuruka mstari. Alisikiliza, akachukua funguo, akaenda kukaa ndani ya gari, gereji imefungwa, gari limezimwa. Nilisimama nyuma ya mlango nikimsikiliza asivyolia. Aliporudi, mtu mzima wa miaka arobaini na saba, mwenye mvi nyingi kuliko mimi, aliketi kwenye kiti cha jikoni ambacho huwa hakikaliwi. Akasema, "Mama, nipikie kitu."

Nilimwambia sijui kitu kiko wapi kwenye jiko hili. Akasema, "Hata mimi sijui. Tutatafuta."

Jana tukatoka. Dengu tumepata duka la Wahindi, ngozi ya nguruwe kwa Wameksiko, rozimari imeota yenyewe uani kwa baba Kimutai, naye akaniuliza, "Leo hoteli imefunguliwa?" Nikamwambia afunge mdomo alete majani. Dengu zimelala majini tangu jana, na leo zimekuwa motoni tangu nitoke kanisani. Mikono haikujua pa kushika, nikamwaga chumvi. Kisha kitunguu kikaanza kuchukua rangi, na mikono ikajua. Ilikumbuka kabla yangu.

Namba ya Yasinta nimempa Modestus. Wamezungumza. Yeye ataniambia walizungumza nini siku akitaka, na sasa ninaweza kungoja.

Kaka, umeandika sana na hujaniomba msamaha hata mara moja. Nimezisoma tena kuhakikisha. Labda uliona aibu, kama ile ya barazani. Basi nami sitaandika neno ambalo hukuliomba. Ninachokuandikia ni kwamba nimepika.

Yasinta anaondoka kesho baada ya misa, anakuletea barua hii, na supu ile kwenye chungu, kimefungwa kwa kanga, usimwache Sadock akaitia kwenye mashine ile inayolia. Ipashwe motoni taratibu. Mimi siji. Miguu ingefika, mimi bado.

Hapa nimetandika meza kama ulivyosema wanafanya kule. Nafasi ya Yasinta, yangu, na sahani moja ya Sospeter, safi, na maji. Nilikuwa na sahani ya nne mkononi. Sikujua kama wewe ni wa kutandikiwa au wa kupelekewa, kwa maana Badria alimwambia Yasinta kwenye simu kwamba tangu jana huongei. Nimeiweka. Kama uko hai, ihesabu kama nafasi ya kaka yangu aliye safarini.

Badria akusomee hili polepole, kisha akulishe, hata kijiko kimoja. Usiulize kilichomo. Ukisita, nataka ujue kwamba nimeionja ya kwanza, kabla ya mtoto, kabla ya mtu yeyote, na Yasinta ananitazama.

Na mimi nimekula chungu kilekile, Kaka. Nimekula kweli.

Mdogo wako,
Prudensia